Ute wa Mshubiri kwenye Ngozi: Umeshindanishwa na Nini?

Mtu anaposema jambo ni chungu kama shubiri, anaukumbuka utomvu, yale majimaji ya manjano yanayochuruzika pindi jani la mshubiri linapokatwa. Yakigusa ulimi hayasahauliki. Lakini anayejipaka mshubiri usoni hautaki uchungu huo hata kidogo. Anautaka ute, ile nyama laini iliyo katikati ya jani, inayopenyeza mwanga kama kioo na isiyo na ladha ya maana. Jani ni moja, vitu ni viwili, na kazi zake hazifanani. Lugha imeshika kimoja, vipodozi vimeshika kingine, na mkanganyiko mwingi kuhusu mmea huu, ambao wengi wanauita alovera, unaanzia hapo.

Mkanganyiko wa pili ni wa ushahidi. Huyu atakwambia sayansi imeuthibitisha mshubiri, yule atakwambia hakuna ushahidi wowote, na kila mmoja anaweza kukuonyesha jaribio la kweli lililofanywa kwa watu wa kweli. Hakuna anayesema uongo. Ili uwaelewe wote wawili, uliza maswali manne: ni ute wa namna gani, wa kiasi gani, kwenye tatizo gani la ngozi, na umeshindanishwa na nini? Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linaloamua mengi.

Ndani ya jani

Ukilikata jani kwa upana utaona ganda la kijani, kisha mstari mwembamba wa mishipa, kisha ute. Utomvu unakaa kwenye vifereji vilivyopangana na mishipa hiyo, chini kabisa ya ganda. Una aloini na ndugu zake, kemikali za kundi la antrakwinoni. Hizo ndizo zinazoharisha mtu akizimeza, na mara nyingi ndizo zinazowasha ngozi ya yule anayesema mshubiri umemkataa. Kumbe hakukataliwa na ute, alijipaka utomvu.

Ute wenyewe ni maji kwa takriban asilimia 99. Kilichobaki, kisichofika hata kijiko cha chai katika kikombe kizima, ndicho kinachobeba sifa zote. Humo mna sukari za kawaida, asidi ya maliki, madini kidogo, na asemanani, yaani mnyororo mrefu wa sukari ya manosi uliopachikwa vikundi vya asetili. Urefu wa mnyororo huo ndio unaoufanya ute uvutike kama kamasi. Ukikatika, ute unageuka maji. Kwa hiyo kidole chako ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani: ute unaotiririka kama maji umekwisha kupoteza sehemu ya kile ulichoufuata.

Maabara imeonyesha mengi. Asemanani huzichangamsha seli za kinga zinazosafisha kidonda. Viambato vingine hupunguza kemikali zinazoleta wekundu na uvimbe. Aloesini, kiambato kingine cha jani, hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Yote hayo yanavutia, lakini seli zilizolala kwenye kisahani cha maabara hazina tabaka gumu la juu la ngozi, lile ambalo molekuli kubwa kama asemanani hupata taabu sana kulipenya likiwa zima. Ndiyo maana, kabla hujasoma jaribio lolote, inafaa kutarajia kwamba mshubiri utafanya kazi vizuri zaidi pale ngozi ilipofunguka kidogo kuliko pale ilipo salama. Matokeo mengi yanakubaliana na matarajio hayo.

Kuungua

Safari ya mshubiri katika majarida ya kitabibu ilianza na eksirei. Mwaka 1935 Collins na Collins, huko Marekani, walieleza habari za mwanamke aliyeharibiwa ngozi na eksirei akapata nafuu kwa jani bichi. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, lakini taarifa ile ilifungua mlango. Kinaya ni kwamba mionzi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuuangusha mshubiri vibaya kuliko kitu kingine. Tutafika huko.

Kwenye kuungua kwa moto na maji moto ndiko uliko ushahidi wenye uzito. Mwaka 2007 watafiti wa Thailand waliyakusanya majaribio 4 yenye wagonjwa 371 na kukuta kwamba vidonda vilivyopakwa mshubiri vilifunga takriban siku 9 mapema kuliko vingine. Siku 9 ni nyingi kwa mtu mwenye kidonda cha moto. Lakini wao wenyewe walionya kwamba bidhaa zilizotumika hazikufanana, na vipimo vya kupona havikufanana pia. Miaka 5 baadaye, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokagua majaribio ya tiba, yaliyotazama vidonda vya kila aina, majaribio 7 yenye watu 347, yalihitimisha kwamba ushahidi wa kiwango cha juu haupo. Watafiti wa Thailand walichukua majaribio ya kuungua tu na kukubali kuyajumlisha licha ya tofauti zake. Wale wa Cochrane waliweka vigezo vikali na kukataa. Huo si ugomvi wa ukweli na uongo. Ni ugomvi wa kiasi gani cha shaka mtu yuko tayari kuvumilia.

Sasa lile swali la nne. Nchini Iran, mwaka 2009, watafiti waliwachukua wagonjwa 30, kila mmoja akiwa na majeraha mawili ya moto ya daraja la pili katika sehemu mbili za mwili. Jeraha moja lilipakwa krimu ya mshubiri, la pili krimu ya silva salfadiazini, dawa iliyozoeleka hospitalini kwa miongo mingi. Mshubiri ulifunga kidonda kwa wastani wa siku 15.9, silva kwa siku 18.7. Mpangilio wa jaribio ni mzuri, maana mtu anashindanishwa na mwili wake mwenyewe: umri, lishe na sukari ya damu ni vile vile pande zote. Lakini mshindani aliyechaguliwa ni yupi? Silva salfadiazini inajulikana kuchelewesha kidogo ngozi mpya kuota, na ilipopimwa dhidi ya bandeji za kisasa kwenye kuungua kwa juu juu, ilishindwa mara nyingi. Mshubiri ulimpita mkimbiaji, sawa, ila mkimbiaji mwenyewe alikuwa kobe. Ukisikia "mshubiri ni bora kuliko dawa ya hospitali", jaribio kama hili ndilo linalotajwa.

Hitimisho langu kuhusu kuungua: kwa jeraha dogo la juu juu, ute safi au krimu yenye ute halisi ni chaguo lenye msingi. Ila hauji kwanza. Kinachokuja kwanza ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Maji hayo husaidia hata yakicheleweshwa, mradi zisizidi saa 3 tangu kuungua. Hakuna mmea unaoziba pengo la dakika hizo 20. Baada ya hapo, ikiwa ngozi ni nyekundu na haijapasuka, paka ute. Malengelenge yakiwa yametokea, usiyapasue. Yakiwa yamepasuka, jani la bustanini, hata likioshwa vipi, linabeba vijidudu vya udongo, na hapo tumia bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda au nenda kliniki. Jeraha linalozidi kiganja cha aliyeungua, lililo usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, lililo jeupe na lisilouma, au la mtoto mdogo: hilo si la mshubiri kabisa.

Kuunguzwa na jua ni hadithi ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwachoma watu 40 wa kujitolea kwa taa ya miale ya urujuanimno kwenye sehemu ndogo za mgongo, wakazifunika kwa ute wa asilimia 97.5. Baada ya saa 48 wekundu ulipungua, tena kuliko ilivyokuwa kwa haidrokotisoni, dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe na wekundu, ya asilimia 1 iliyochanganywa kwenye jeli. Inaonekana ushindi mkubwa, mpaka usome mstari unaofuata: haidrokotisoni ile ile, kwa asilimia ile ile, ikiwekwa kwenye krimu badala ya jeli, iliushinda mshubiri. Kibebeo, yaani krimu au jeli inayobeba dawa, kilibadilisha mshindi. Jaribio jingine la mwaka 2005 huko Thailand, lenye watu 20, halikuona faida yoyote, si ya kuzuia wala ya kutibu. Na jambo moja la kuandika ukutani: mshubiri si kinga ya jua. Mpango wa taifa wa uchunguzi wa sumu wa Marekani ulipowapaka panya wasio na manyoya krimu zenye mshubiri na kuwaweka chini ya mwanga unaofanana na wa jua, katika ripoti ya mwaka 2010, ulikuta ongezeko dogo la uvimbe wa saratani ya ngozi, kwa ute wenyewe likionekana kwa majike tu. Panya si watu, na ongezeko lilikuwa hafifu, lakini linatosha kumshauri mtu apake usiku, na mchana aweke kinga ya jua halisi.

Soriasisi: majaribio mawili ambayo kila mtu angepaswa kuyajua

Hapa ndipo maswali manne yanapoonyesha thamani yake.

Jaribio la kwanza lilifanyika Pakistan na kuchapishwa mwaka 1996. Wagonjwa 60 wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, waligawanywa mara mbili: nusu walipewa krimu yenye asilimia 0.5 ya mshubiri uliochujwa, nusu krimu isiyo na mshubiri, wote wapake mara 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 4, na jaribio zima likapangwa kwenda wiki 16. Waliopona upande wa mshubiri walikuwa 25 kati ya 30. Upande wa pili, 2 kati ya 30. Asilimia 83 dhidi ya 7. Takwimu za namna hiyo ni adimu hata kwa dawa za kisasa, na ndizo zinazozunguka mitandaoni mpaka leo.

Jaribio la pili ni la Denmark, mwaka 2005. Watu 41, jeli ya dukani ya mshubiri upande mmoja wa mwili, jeli isiyo na mshubiri upande wa pili, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Alama za ugonjwa zilipungua kwenye asilimia 72.5 ya sehemu zilizopakwa mshubiri. Je, jeli tupu? Asilimia 82.5. Mshubiri ulishindwa na kitu kisicho na kitu! Tena zaidi ya nusu ya washiriki walilalamikia madhara madogo, hasa ngozi kukauka.

Ukiyapanga sambamba utaona hayakupima kitu kimoja. La Pakistan lilitumia krimu yenye mafuta, la Denmark jeli ya maji. La kwanza lilipangwa kwenda wiki 16, la pili lilipima baada ya wiki 4. Kipimo cha kupona kilitofautiana. Ila tofauti kubwa iko kwa mshindani: kule, asiyepata mshubiri hakupata nafuu karibu kabisa, jambo la kushangaza, kwa kuwa krimu yoyote yenye mafuta hulainisha magamba ya soriasisi, ilhali Denmark jeli tupu ilisaidia watu wengi sana. Mtu anayejua soriasisi akiona wagonjwa 2 tu kati ya 30 wamepata nafuu kwa krimu ya kulainisha, hujiuliza maswali kuhusu jaribio lenyewe kabla ya kuushangilia mmea. Mpaka jaribio la kwanza lirudiwe na watu wengine na kutoa matokeo yale yale, mimi nasimama karibu zaidi na Denmark. Mwenye soriasisi akitaka kutumia mshubiri, autumie juu ya matibabu yake, si badala yake, na achague krimu, si jeli.

Mahali mshubiri uliposhindwa

Mionzi ya saratani kwanza. Wagonjwa wa saratani ya matiti wanaopigwa mionzi huungua ngozi, na kwa miaka mingi waliambiwa wapake mshubiri. Jaribio la mwaka 1996 lenye wanawake 194 lilikuta kwamba waliopaka mshubiri na waliopaka jeli tupu waliungua karibu sawasawa. Mwaka 2002, Australia, wagonjwa 225: krimu ya kawaida ya maji ilizuia ukavu na maumivu kuliko mshubiri. Siyo kwamba mshubiri haukusaidia tu. Ulishindwa na kitu cha bei rahisi kilicho kwenye kila kabati. Watafiti Vogler na Ernst, walipokagua majaribio 10 mwaka 1999, tayari walisema hauzuii madhara ya mionzi, na kwa vidonda kwa ujumla wakaona haieleweki.

Vidonda virefu vya upasuaji ni onyo kubwa zaidi. Mwaka 1991 wanawake 21 waliokuwa na vidonda vilivyofumuka baada ya kupasuliwa tumbo waligawanywa: matunzo ya kawaida, au matunzo hayo pamoja na jeli ya mshubiri. Wa matunzo ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Wa mshubiri, siku 83. Mwezi mzima zaidi. Kundi ni dogo, lakini nani angejitolea kurudia? Jambo lililo jema kwenye ngozi ya juu si lazima liwe jema ndani ya shimo la kidonda.

Mengine nayapitia haraka. Chunusi: jaribio moja la wiki 8, mwaka 2014, lenye watu 60, lilichanganya tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 0.05 na jeli ya mshubiri ya asilimia 50. Mchanganyiko ulifanya kazi kuliko tretinoini yenye kibebeo kitupu, na wekundu ukapungua. Huo ni ushahidi wa mshubiri kama msaidizi wa tretinoini. Hauthibitishi kwamba ute peke yake unatibu chunusi. Ukurutu wa mafuta, ule unaoleta mba na magamba ya njano kichwani na pembeni mwa pua: watu 44, mchanganyiko wenye asilimia 30 ya mshubiri, matokeo mazuri, lakini ni la mwaka 1999. Madoa meusi: aloesini safi iliyotengwa maabara ilipunguza weusi unaoletwa na miale kwa asilimia 34, arbutini, kiambato kingine cha kupunguza weusi, kwa 43.5, na zote pamoja kwa 63.3. Ila aloesini safi ni kitu kimoja na ute wa jani ni kitu kingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya aloesini imo kwenye utomvu ule ule tunaoutupa. Anayepaka ute akisubiri madoa yafutike ana subira nyingi kuliko ushahidi.

Ukavu wa kawaida ndio matumizi ninayoyaamini bila kusita. Mwaka 2006, nchini Brazil, wanawake 20 walipakwa krimu zenye unga wa mshubiri uliokaushwa kwa kugandishwa, wa asilimia 0.1, 0.25 na 0.5. Maji kwenye tabaka la juu la ngozi yaliongezeka, kwa mpako mmoja tu ikiwa ni 0.25 au 0.5. Kasi ya maji kupotea kutoka kwenye ngozi, hata hivyo, haikubadilika. Hapo ndipo penye siri ya matumizi: mshubiri huleta maji lakini haufungi mlango. Ukipaka ute peke yake na kuuacha ukauke, utabana na ngozi itakuwa kama imevutwa, ndiyo yale malalamiko ya Denmark. Paka ute, na kabla haujakauka kabisa, pitisha juu yake mafuta mazito au vaselini kidogo.

Kutoa ute bila kuuharibu

Chagua jani la nje kabisa, la chini, nene, kutoka kwenye mmea uliokomaa wa miaka 3 au zaidi. Majani madogo ya katikati yana ute mchache. Hakikisha pia mmea ni wenyewe: jamii za mshubiri ni mamia, na karibu majaribio yote haya yalihusu Aloe vera, ambayo vitabu vingine huiita Aloe barbadensis.

Kata karibu na shina kwa kisu kisafi, kisha lisimamishe jani ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15 au hadi matone ya manjano yakome. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoleta muwasho. Osha jani, ondoa sentimita 3 hivi upande wa chini na ncha ya juu, kata kingo zenye miiba, halafu chuna ganda la upande bapa. Usipeleke kisu kwa pupa karibu na ganda. Acha milimita 2 za ute zibaki zimeshikamana nalo, kwa kuwa vifereji vya utomvu viko hapo. Chuna upande wa pili. Kilichobaki ni mnofu mweupe unaong'aa. Usuuze haraka chini ya bomba, maana aloini huyeyuka kwenye maji. Kuloweka saa nzima huondoa aloini zaidi, kweli, lakini huchukua na sehemu ya kile unachokitaka.

Kipimo cha mwisho ni ulimi: gusa kidogo tu na uteme. Ukisikia uchungu, suuza tena au chonga tabaka la nje. Ukiona mnofu una michirizi ya manjano, usiupake usoni.

Kiasi? Mchemraba wa sentimita 1 una uzito wa takriban gramu 1, na uso mzima pamoja na shingo hauhitaji zaidi ya gramu 1 na robo. Watu hukata jani zima, hupaka tonge, na kisha kulalamika kwamba ngozi inanata.

Ute ukishatoka kwenye jani, saa imeanza kuhesabu. Hewa huubadili rangi kuwa wa waridi, kisha kahawia; vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kukata mnyororo; na sukari zake ni karamu kwa bakteria na hamira. Hauna kihifadhi. Kwenye friji naupa siku 2, ikizidi sana 3. Ukitaka kuutunza, ugandishe katika vipande vidogo siku ile ile na uyeyushe kimoja kimoja. Kuuchemsha kwa muda mrefu ni kuua ulichokifuata. Viwanda huupitisha kwenye joto la nyuzi 85 hadi 95 kwa dakika 1 au 2 tu na kuupoza papo hapo. Mashine ya kusagia nayo huingiza povu, yaani hewa, hivyo kuponda kwa uma kunatosha.

Michanganyiko miwili iachwe. Ndimu, kwa sababu kemikali za ganda na maji yake zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya miezi. Na magadi ya kuokea, kwa sababu ngozi na ute vyote vina asidi kidogo. Magadi huvuruga kinga ya ngozi na pia huweza kung'oa asetili kwenye asemanani.

Kabla ya kutumia kokote, paka sehemu ya ukubwa wa sarafu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio wa kugusa huweza kujitokeza baada ya siku 2 hadi 4. Na kunywa jani zima kwa imani kwamba kutang'arisha ngozi ni jambo la kuacha: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka maji ya jani zima la mshubiri, yale yenye utomvu, katika kundi 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, baada ya panya waliokunywa kupata uvimbe kwenye utumbo mpana.

Chupa na kibandiko

Jeli ya kijani kibichi si mshubiri wa kijani kibichi. Ute hauna rangi; kijani hicho ni rangi ya kuongezwa. Viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kikiwa mwanzo, mpaka vile vilivyo chini ya asilimia 1 ambavyo vinaweza kupangwa ovyo. Jina Aloe Barbadensis likiwa limejificha baada ya manukato na vihifadhi, umenunua maji yaliyotiwa vinene. Alkoholi ikiwa ya pili au ya tatu, itakausha. Tahadhari na "asilimia 100": unga wa mshubiri uliokolezwa mara 200 huchanganywa gramu 1 kwa gramu 199 za maji na kuitwa ute kamili, jambo ambalo kihesabu ni halali ikiwa unga ni mzima. Tatizo ni kwamba unga huo huweza kuongezewa maltodekstrini, ambayo ni zao la wanga la bei rahisi. Wapimaji wenye mashine hutafuta alama tatu kwa pamoja, asemanani, glukosi na asidi ya maliki, na wakiona asidi ya laktiki wanajua bidhaa ilichacha. Mwaka 2016 jeli kadhaa za maduka makubwa ya Marekani zilipopimwa hivyo, alama hizo hazikuonekana.

Nyumbani huna mashine hiyo, lakini una mikono miwili. Kama tatizo lako ni ukavu au ukurutu hafifu ulio pande zote mbili, fanya kama wale wa Denmark: mkono wa kushoto ute na mafuta juu yake, mkono wa kulia mafuta yale yale peke yake, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Usibadilishe sabuni katikati. Piga picha kila Jumapili, dirisha lile lile, saa ile ile. Wiki ya 4 ikiisha, mpe mtu mwingine picha hizo bila kumwambia mkono upi ulipata nini, aseme upi umepona.